Kabla Ndege Mpya Haijatua: Hesabu Zinazoamua Shirika Linunue Ipi

Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni fupi kiasi kwamba abiria aliyekaa dirishani huiona bandari ikibaki nyuma na, kabla hajatulia vizuri kitini, mapaa ya Mji Mkongwe yamekwisha kuonekana. Hewani ni kama dakika 20 tu. Kwa injini, hata hivyo, safari hiyo si ndogo. Imewashwa, imesukumwa hadi nguvu kubwa ili ndege ipae, imepata joto kali, kisha imepoa na kuzimwa. Katika kumbukumbu za mafundi huo ni mzunguko mmoja, sawasawa na mzunguko wa ndege iliyotoka Dar es Salaam kwenda Johannesburg kwa zaidi ya saa tatu. Sahani za chuma zinazozunguka ndani ya injini zimepangiwa na mtengenezaji idadi ya mizunguko. Idadi ikitimia zinatolewa, hata kama kwa macho hazina dosari yoyote.

Hesabu za namna hii ndizo zinazoamua kama ndege iliyogharimu mamilioni ya dola itakuwa tegemeo la shirika au mzigo wake, na ni nadra kuzisikia siku ndege inapopokewa. Siku hiyo tunaona magari ya zimamoto yakiimwagia maji, tunasikia ngoma na hotuba. Watanzania tumeshuhudia mapokezi mengi ya aina hiyo tangu Septemba 2016, zilipotua Bombardier Q400 mbili za kwanza. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8. Desemba mwaka huohuo ikaja Airbus A220-300, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kurusha ndege ya aina hiyo. Juni 2023 ilifika Boeing 767-300F ya mizigo, na Oktoba ikafuata Boeing 737 MAX 9. Hadi Agosti 2024 Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), ambayo kabla ya Septemba 2016 ilikuwa imebaki na Dash 8 Q300 moja tu, ilifikisha ndege 16.

Hiyo ni kazi kubwa, na anayekumbuka hali ya shirika hilo kabla ya 2016 hawezi kuibeza. Lakini ndege hizo ni za walipakodi, na kuna swali tunalopaswa kuliuliza kabla ya ununuzi unaofuata: ndege huchaguliwaje?

Swali la kwanza la mpangaji wa shirika lolote ni njia. Kati ya mji huu na ule wanasafiri watu wangapi kwa siku, wanalipa nauli gani, na wanataka kuondoka mara ngapi? Hapo ndipo hesabu mbili zinapogongana. Ndege kubwa ina gharama ndogo kwa kila kiti, kwa sababu marubani ni walewale wawili na ada ya kuongozwa angani haipandi kwa kasi ya viti. Ndege ndogo ina gharama ndogo kwa safari nzima. Viti vikijaa, ndege kubwa inashinda. Visipojaa, gharama ya safari nzima inabaki palepale na kila kiti kitupu kinakula faida ya kiti chenye mtu.

Kenya Airways ililipia somo hili kwa bei kubwa. Katika mpango wake wa upanuzi uliopewa jina la Mawingu, shirika lilikusudia kuwa na ndege zaidi ya 100 ndani ya miaka kumi, likajipatia Boeing 777-300ER tatu zenye viti takriban 400 kila moja, pamoja na Boeing 787-8 zilizoanza kufika mwaka 2014. Kwenye karatasi, 777-300ER ni moja ya ndege bora zilizowahi kutengenezwa kwa masafa marefu, na mashirika ya Ghuba yametajirika nayo. Lakini Emirates huwakusanya Dubai watu kutoka mabara yote na kuwajaza katika ndege moja. Nairobi haikuwa na mkusanyiko wa kiasi hicho. Kukaja shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013, ukaja ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, watalii wakapungua. Mwaka 2016 ndege zote tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili zikaenda Oman Air. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ulifungwa kwa hasara ya zaidi ya Sh26 bilioni za Kenya. Ndege zenyewe hazikuwa na kasoro. Zilikuwa kubwa mno kwa soko lililopungua, na deni lake lilikuwa la dola.

Baada ya njia huja kiwanja. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Mbawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege na injini hupungua nguvu. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines ziendazo Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali zinazorudi huruka moja kwa moja, kwani Washington iko karibu na usawa wa bahari na ndege inaweza kupaa na tangi zilizojaa. Nairobi nayo iko juu ya mita 1,600. Dar es Salaam, iliyo pwani kabisa, haina tatizo hilo la mwinuko, na hiyo ni nafasi ya kibiashara ambayo hatujaitumia ipasavyo. Ndege ileile inayolazimika kuacha mizigo au abiria Nairobi inaweza kupaa Dar es Salaam na uzito mkubwa zaidi.

Ndani ya nchi hali ni tofauti. Songwe, Mwanza na Kilimanjaro zinapokea jeti bila shida, lakini Bukoba ina kiwanja kifupi kando ya Ziwa Victoria, na vituo vingine kadhaa vya mikoani vina abiria wachache kwa siku. Huko ndiko ndege ya mapanga, au pangaboi, inakostahili heshima yake. Abiria wengi wakiona mapanga yanazunguka nje ya dirisha hudhani wamepewa ndege ya zamani, na nimesikia watu wakilalamika hivyo waziwazi. Ukweli ni kwamba kwa safari ya chini ya saa moja na nusu, pangaboi huchoma mafuta machache kuliko jeti ya ukubwa uleule, na mafuta ni kati ya robo na theluthi ya gharama zote za shirika la ndege. Ukitaka jeti kila mkoa, utalipa wewe kwa nauli au utalipa kwa kodi.

Hata kwenye mapangaboi kuna kuchagua. Q400 za ATCL, zenye viti 76, zinaweza kwenda zaidi ya kilomita 650 kwa saa. ATR 72, ambayo Precision Air imeitegemea kwa miaka mingi pamoja na ndugu yake mdogo ATR 42, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa mwendo peke yake, tofauti ni kama dakika 20. Kwenda Dodoma tofauti inashuka hadi kama dakika kumi, na hapo ATR inayokunywa mafuta kidogo inaanza kuonekana ya busara zaidi. Kuna jambo lingine. De Havilland Canada, iliyonunua mradi wa Q400 kutoka Bombardier mwaka 2019, ilitangaza mwaka 2021 kusimamisha utengenezaji wake. Zilizopo zitaendelea kupata vipuri kwa miaka mingi kwa kuwa ni mamia duniani, lakini anayetaka mpya kabisa ya ukubwa huo leo anakwenda Toulouse kwa ATR.

Sasa tuje kwenye injini, kwa sababu hapa ndipo Tanzania imeumia.

A220 ni ndege nzuri. Ilibuniwa na Bombardier kwa jina la CSeries, na Airbus ikachukua umiliki mkubwa wa mradi Julai 2018. Kwa ATCL ina viti 132, ukubwa unaofaa kwa Mwanza, Kilimanjaro, Johannesburg, Lusaka na miji ya aina hiyo. Watengenezaji walinadi kwamba kwa kila kiti inapunguza mafuta kwa takriban robo ukilinganisha na ndege za kizazi kilichotangulia. Siri kubwa ya upungufu huo ni injini ya Pratt & Whitney PW1500G. Katika injini za kawaida za muundo huu, feni kubwa ya mbele na mitambo midogo ya nyuma inayoiendesha hufungwa kwenye shafti moja na kuzunguka kwa kasi moja, jambo lisiloufaa upande wowote: feni ingependa kwenda polepole, mitambo ya nyuma ingependa kwenda kasi. Pratt & Whitney waliweka giaboksi katikati, kila upande ukapata kasi yake. Ni ubunifu wa kuheshimiwa, uliochukua miaka mingi ya kazi.

Tatizo lilijitokeza kwenye uimara. Baadhi ya sehemu zilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, hasa penye joto na vumbi. Kisha mwaka 2023 kampuni mama, RTX, ikatangaza kwamba madini ya unga yaliyotumika kutengenezea baadhi ya sahani za injini za familia hiyo, kati ya mwaka 2015 na 2021, yalikuwa na uchafu unaoweza kusababisha nyufa. Injini kwa mamia zilipaswa kufunguliwa na kukaguliwa, na karakana zenye uwezo wa kazi hiyo ni chache. Foleni ikawa ya miezi. Ndege nzima, za miaka michache tu, zikaegeshwa duniani kote, zikiwemo za ATCL.

EgyptAir ilikuwa nazo 12. Mwaka 2024 iliamua kuziuza zote kwa kampuni ya kukodisha ndege ya Azorra, zikiwa hazijatimiza hata miaka sita. Shirika lenye ndege nyingi na karakana kubwa Cairo lilipiga hesabu likaona ni bora kuondoka. airBaltic ya Latvia, isiyo na ndege ya aina nyingine yoyote, ilibidi ikodi ndege na marubani wa wengine ili kutimiza ratiba.

Kwa upande wetu, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha ATCL kupata hasara ya zaidi ya Sh56 bilioni, kutoka takriban Sh35 bilioni mwaka uliotangulia, na kusimama kwa ndege kutokana na hitilafu za injini kulitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka uliofuata hasara ikafika Sh91.8 bilioni. Ndege hizi ni mali ya Serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), na ATCL inazikodi; CAG amewahi kushauri mikataba hiyo ya ukodishaji ipitiwe upya. Ndege iliyosimama inaendelea kudai bima, maegesho na mishahara ya marubani wasioruka, na abiria aliyeahirishiwa safari mara mbili hurudi kwenye basi la Mwanza, au sasa kwenye treni ya SGR kwenda Dodoma.

Je, waliochagua A220 walikosea? Kwa walichokijua mwaka 2016, hapana. Injini hiyo ndiyo pekee inayopatikana kwa ndege hiyo, na ulimwengu mzima uliisifu. Lililopaswa kufanyika tofauti ni tahadhari. Shirika lenye ndege nne za teknolojia mpya linahitaji injini za akiba na mkataba wa matengenezo unaomfunga mtengenezaji: ndege ikisimama kwa kosa lake, alete injini nyingine au alipe fidia kwa siku. Masharti hayo hupatikana kabla ya kusaini, wakati muuzaji bado anakutaka. Ukishasaini, wewe ni mteja mdogo mwenye ndege nne, na mbele yako kwenye foleni yuko Delta, shirika kubwa la Marekani.

Hali hiyo haiwakuti wenye A220 peke yao. Kenya Airways ilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni za Kenya kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na watu wakashangilia. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni. Sababu kubwa: 787 tatu kati ya tisa zilikuwa chini zikisubiri injini.

Kutoka hapo tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote, nalo ni idadi ya aina za ndege. Ndege 16 za ATCL zilikuwa za aina sita: Q400 tano, Q300 moja, A220 nne, 787 tatu, 737 MAX mbili na 767 ya mizigo moja. Rubani wa A220 hawezi kuamka kesho akarusha 737. Leseni yake ni ya aina mahususi, na kuhamia nyingine ni wiki nyingi za mafunzo kwenye mitambo ya kuigiza urukaji, mingi yake ikiwa nje ya nchi na ikilipiwa kwa dola. Fundi naye ana idhini ya aina fulani. Stoo ya vipuri inajirudia kwa kila aina. Hata kile chuma kinachounganisha ndege na trekta la kuikokota uwanjani hutofautiana kati ya aina na aina. Q300 na Q400 kwa bahati ni ndugu, marubani na vipuri kadhaa vinaingiliana. Zilizobaki ni kama familia nne zisizojuana. Mwenye daladala wa Mbagala anaijua hesabu hii bila kufundishwa, ndiyo maana akiongeza gari la pili huongeza lilelile ambalo fundi wake analijua na vipuri vyake vimejaa Kariakoo.

Kila aina ililetwa kwa sababu inayoeleweka. 737 MAX 9 yenye viti 181 inaziba pengo kati ya A220 na 787 yenye viti 262. 767 inabeba tani 54 za mizigo, na wakulima wa parachichi na wavuvi wa Mwanza, ambao bidhaa zao zilizoea kupitia Nairobi, waliisubiri kwa hamu. Lakini ndege moja ya mizigo ikiingia karakana hakuna ya kushika zamu, na samaki hasubiri. Boeing yenyewe imetangaza kwamba itaacha kutengeneza 767 za mizigo mwaka 2027.

Ethiopian Airlines ina aina nyingi pia, na inafanikiwa. Tofauti ni wingi. Ina ndege zaidi ya 100, na kila aina kuu inafika makumi, hivyo gharama ya karakana, mitambo ya mafunzo na vipuri inagawanywa. Tena karakana na chuo cha marubani viko Addis Ababa, na mashirika mengine ya Afrika hupeleka ndege zao huko na kulipia. Uganda Airlines iko upande wa pili wa mizani. Ilirejea angani mwaka 2019 na CRJ900 nne, kisha ikanunua A330-800neo mbili. CRJ zimeacha kutengenezwa. A330-800 ni toleo ambalo wanunuzi wake duniani wanahesabika kwa vidole. Injini na marubani inashirikiana na A330-900 iliyouzwa kwa mamia, kwa hiyo vipuri si tatizo, lakini siku Uganda itakapotaka kuziuza itatafuta mteja kwa taabu. Na kwa ndege mbili tu za masafa marefu, moja ikiingia matengenezo makubwa, nusu ya ratiba ya Mumbai na London imekwenda.

Kushikilia aina moja nako kuna hatari yake. Southwest ya Marekani imejengwa juu ya Boeing 737, na MAX zilipozuiwa duniani baada ya ajali ya Ethiopian Airlines ya Machi 10, 2019 iliyoua watu 157, ndege zake 34 ziliegeshwa kwa siku moja. Ilisalimika kwa sababu ilikuwa na mamia ya 737 za matoleo ya nyuma. Kwa shirika la ukubwa wa ATCL, aina tatu zingetosha: pangaboi kwa mikoa, jeti ya kati kwa miji mikubwa na nchi jirani, na ya masafa marefu kwa Mumbai, Guangzhou na kwingineko. Ulaya kwa sasa haimo hesabuni, kwa kuwa Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyazuia mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania, na ndege ya masafa marefu isiyoruhusiwa kutua kwenye masoko yenye nauli nzuri hupoteza sehemu ya thamani yake hata ikiwa mpya.

Suala la fedha lina mengi, ila moja lisisahaulike. Bei inayotangazwa siyo inayolipwa. Wanunuzi wakubwa hupata punguzo nono, wadogo hupata kidogo. Ndiyo maana takriban nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi. Anayekodi anaweza kuirudisha ndege soko likibadilika, na foleni za viwandani leo ni za miaka mingi: Boeing 777X iliyoahidiwa kwa mwaka 2020 imesogezwa hadi 2027, na Emirates inakarabati ndege zake za zamani ikisubiri.

Kwa hiyo Serikali ikitangaza tena ununuzi, rai yangu ni hii. Isiongeze aina ya saba. Iongeze idadi ya aina zilizopo, au iamue kwa ujasiri aina ipi iondoke. Mkataba wa injini usainiwe siku ileile na mkataba wa ndege, ukiwa na fidia ndani yake. Na Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, kabla ya kuidhinisha chochote, idai orodha moja iwekwe wazi kwa wananchi kila mwaka: kila ndege tuliyonunua, kwa namba yake ya usajili, iliruka saa ngapi na ilisimama siku ngapi.